Mraba Umekimbia au Amekimbia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hisia Katika Gemu za Vitu Vichache

Ukurasa huu ni wa wanaocheza, wanaotengeneza na wanaoendesha vikao vya gemu Dar es Salaam. Unamhusu hasa aliyewahi kucheza gemu ya dakika tano pamoja na wenzake wawili, kisha wakatoka na majibu matatu yasiyosalimiana. Mmoja amehuzunika, mwingine amecheka, wa tatu anauliza gemu yenyewe inaanza lini.

Gemu ya vitu vichache ni ipi hasa?

Ni gemu ambayo mtengenezaji ameipunguza kwa makusudi: maneno, sura, vitufe, rangi, sauti, hadi kikabaki kile tu asichoweza kukiacha. Haina maana ya gemu rahisi, wala gemu ya kizamani iliyokuwa na picha chache kwa sababu mashine za wakati huo hazikuweza zaidi.

Kuna uchache wa namna mbili, na watu huuchanganya. Limbo, iliyotolewa na Playdead ya Denmark mwaka 2010, ina uchache wa picha: kila kitu ni cheusi, cheupe au kijivu, na mtoto unayemwongoza ni kivuli chenye macho mawili yanayong'aa. Journey ya thatgamecompany, 2012, ina picha za kifahari na muziki wa okestra, ila kanuni zake ndizo chache: unatembea, unapaa kidogo, unatoa sauti ya kuita. Basi. Picha chache humfanya mchezaji aulize "hiki ni nini?" Kanuni chache humfanya aulize "kwa nini nilifanya vile?" Kwa maoni yetu, tofauti kubwa za tafsiri hutokea kwenye swali la pili, kwa sababu hapo mchezaji anajieleza yeye mwenyewe na si picha.

Inakuwaje mtu mzima amwonee huruma mraba usio na macho?

Akili ya binadamu haisubiri macho, mwendo pekee unaitosha. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walichapisha utafiti uliotumia filamu fupi ya pembetatu mbili na duara dogo, vikizunguka karibu na boksi lenye mlango. Watazamaji 34 wa kundi la kwanza waliambiwa tu waandike walichokiona, na mmoja peke yake ndiye aliyeeleza kwa lugha ya maumbo. Wengine wote waliona viumbe: mkorofi, mwoga, wapenzi wanaotoroka. Miaka mingi baadaye, mwaka 2000, watafiti Tremoulet na Feldman walionyesha kwamba hata nukta moja, bila mwenzake, huonekana hai ikibadilisha mwelekeo na kasi yake yenyewe.

Kwa hiyo mtengenezaji halazimiki kuchora uso. Ila asipouchora, hana tena uwezo wa kuamua uso huo una sura gani kichwani mwa kila mchezaji.

Nitajuaje kwamba mchezaji ameanza kuona uhai ndani ya umbo?

Sikiliza viambishi. Kiswahili hapa kinatupa kipimo ambacho lugha nyingi hazina.

Mchezaji anayesema "mraba umekimbia" bado anaona umbo. Ameliachia u- yake ya kawaida. Akisema "mraba amekimbia", umbo limeshaingia kwenye ngeli ya watu na wanyama, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Akisema "kale kamraba kanaogopa", ameongeza huruma, au dharau. Sauti yake itakwambia ipi. Akisema "lile limraba linakuja", kuna tishio. Umbo ni lilelile na ukubwa uleule, na hisia zake zimejaa kwenye silabi moja.

Unapoendesha kikao, usimuulize mtu "ulihisi nini?" kabla hujamwacha asimulie kilichotokea kwa maneno yake. Andika viambishi vyake pembeni ya daftari pamoja na dakika alipovitamka. Utaona badiliko: dakika ya kwanza "u-", dakika ya tatu "a-". Rudi naye hapo hapo. Ni kitu gani kilitokea kwenye skrini kati ya "u-" na "a-"? Jibu la swali hilo lina faida kuliko nusu saa ya kuzungumzia hisia kwa jumla.

Tahadhari moja: msimulizi wa gemu anaweza kumpa mchezaji kiambishi. Thomas Was Alone ya Mike Bithell, 2012, ina mistatili mitupu, lakini kila mmoja una jina na kuna sauti inayoeleza mawazo yake. Danny Wallace aliyesoma maelezo hayo alipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza mwaka 2013. Ukitaka kuona kazi ya kanuni yenyewe, zima sauti, ziba maandishi, cheza hatua za mwanzo. Mstatili unaoruka kimo kidogo na unaohitaji mgongo wa mwenzake utabaki na "unyonge" wake hata bila msimulizi. Kejeli na wivu vitapotea, maana hivyo vililetwa na maneno.

Toeni mfano mmoja wa gemu moja yenye tafsiri zinazogongana.

Passage ya Jason Rohrer, 2007. Ni ya bure, ni ndogo sana, na inakwisha kwa dakika tano upende usipende. Eneo la mchezo ni pikseli (vinukta vya skrini) 100 kwa 16 tu, likakuzwa. Linafanana na ufa kwenye ukuta. Unamwongoza mwanamume mwenye nywele za njano. Kulia kuna njia iliyonyooka, chini kuna mapango yenye vizuizi na masanduku ya hazina. Karibu na mwanzo amesimama mwanamke. Ukimgusa unatokea moyo, na kuanzia hapo mnatembea wawili.

Sasa angalia kanuni. Kila hatua ya kwenda kulia inaleta pointi, na mkiwa wawili pointi hizo zinaongezeka maradufu. Lakini mkiwa wawili hampiti kwenye matundu membamba, kwa hiyo masanduku mengi mtayaona kwa macho tu. Taratibu nywele zinaota mvi na kupungua. Mwanamke anakufa kwanza na kuacha kaburi dogo. Wewe unaendelea kwa mwendo wa kuinama, kisha nawe unakufa.

Yupo atakayesema: mke ni mzigo, nimekosa mali kwa ajili yake. Yupo atakayesema: mali ni upuuzi, tulitembea pamoja. Yupo ambaye hakumgusa kabisa yule mwanamke kwa sababu alidhani ni adui, na huyu amecheza gemu tofauti: kwake Passage inahusu mapango. Yupo aliyeshinda dakika tano zote akitazama pointi juu ya skrini na akakasirika gemu ilipokatika. Huyo wa mwisho watu hupenda kumcheka. Wasimcheke. Pointi zimewekwa pale ili zifuatwe, na hasira ya kukuta kwamba pointi hizo hazina mahali pa kupelekwa ni sehemu ya kazi ya gemu hiyo.

Ukitaka kuona tofauti inaanzia wapi, muulize kila mmoja jambo moja: kwenye tundu jembamba la kwanza, mkiwa wawili, ulifanya nini? Wengine walirudi nyuma mara moja. Wengine walisukuma kitufe sekunde kumi wakitafuta pembe ya kupenya. Zile sekunde kumi ndizo zilizozaa neno "mzigo".

Mtengenezaji akishaeleza maana, si mjadala umekwisha?

Rohrer aliandika maelezo ya nia yake, lakini hakuyaweka kuwa hukumu juu ya mchezaji. Rod Humble alikwenda njia nyingine kidogo na The Marriage, mwaka huohuo wa 2007: mraba wa buluu, mraba wa waridi, maduara yanayopita, na chombo pekee cha mchezaji ni kusogeza kipanya juu ya vitu bila kubofya. Miraba inakua, inasinyaa, inafifia. Humble aliambatanisha maelezo ya kanuni moja moja, na akakiri waziwazi kwamba gemu kuhitaji maelezo ni aina ya kushindwa.

Wasikilizaji wa taarabu hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mtunzi ana mtu wake kichwani anapotunga fumbo. Ukumbini, anayeinuka kwenda kutunza ubeti ule ana jirani yake kichwani, na jirani mwenyewe aliyekaa meza ya tatu anajua kabisa. Mtunzi hakukosea, mtunzaji naye hakukosea. Lakini ukiinuka kutunza kwenye ubeti usiohusika, watu watakutazama. Fumbo lina mipaka.

Kwa hiyo kila tafsiri ni sahihi?

Hapana. Tafsiri inatakiwa iweze kunyoosha kidole kwenye skrini.

Ugomvi maarufu zaidi kwenye jambo hili unahusu Tetris, aliyoitengeneza Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Mwaka 1997 mtafiti Janet Murray aliisoma kama picha ya maisha ya Wamarekani wa miaka ya 1990: kazi zinamiminika, unapanga, unasafisha meza, zinakuja nyingine. Mwaka 2001 mtafiti mwenzake Markku Eskelinen alimjibu kwa ukali kwamba hiyo ni kuibebesha gemu hadithi isiyokuwamo badala ya kuichunguza yenyewe.

Sisi tunaona Murray alikuwa na kidole chake kwenye skrini: vipande havikomi, mstari ukikamilika unatoweka, na ushindi wako haubaki uonekane. Kinachobaki ni makosa yako tu, yamerundikana. Alipoteleza ni kuifunga na nchi moja na muongo mmoja. Mama lishe wa Kariakoo anayeosha sahani huku nyingine zikirudi angeitambua Tetris bila kupitia Marekani.

Kipimo chetu ni maswali matatu. Ni kanuni gani inayoibeba tafsiri yako? Ingekuwaje kanuni hiyo ingegeuzwa? Kuna tukio lolote ndani ya gemu linaloipinga, na unalifanyaje? Anayejibu la kwanza na kushindwa la pili huwa anazungumzia picha ya kwenye kava.

Rangi nyeusi, nyeupe na kadhalika: je, zinasomeka vilevile Dar na kwingineko?

Hazisomeki vilevile, na hata ndani ya Dar hazisomeki vilevile. Gemu nyingi za vitu vichache huchukulia kwamba nyeusi ni hofu au kifo na nyeupe ni matumaini. Kwenye mji ambapo buibui jeusi ni vazi la kila siku la kwendea sokoni, weusi pekee haumtishi mtu. Nyeupe nayo ina kanzu ya Ijumaa, ina gauni la bibi harusi, na ina sanda. Skrini inapogeuka nyeupe taratibu mwisho wa gemu, mmoja anaona kuingia peponi, mwingine anaona maiti anafunikwa. Wote wawili wanazungumzia kifo, ila mmoja ametulia na mwingine amesisimka mwili.

Upande nao una maana. Gemu nyingi husogea kutoka kushoto kwenda kulia, na kulia kukawa "mbele". Aliyejifunza kusoma chuoni kwa herufi za Kiarabu kabla ya shule ana mikono iliyozoea pande zote mbili. Usijenge hoja nzima juu ya hili, lakini mchezaji akianza kwa kwenda kushoto usidhani amekosea. Muulize.

Gris inahusu msiba. Kwa nini baadhi ya watu hapa hawauoni msiba huo?

Gris ya Nomada Studio ya Barcelona, 2018, haina maneno na mchezaji hafi. Msichana anapoteza sauti, dunia inapoteza rangi, rangi zinarudi moja moja. Kwenye orodha ya tuzo anazopewa mchezaji ndani ya gemu kuna majina ya zile hatua tano maarufu za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, sononeko, kukubali. Anayefungua orodha hiyo anapata ramani, asiyeifungua hana. Hii ni sababu ya kwanza ya tofauti na haina uhusiano wowote na utamaduni: watu wawili wamesoma kurasa tofauti.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Msichana yule anaomboleza peke yake, saa tatu au nne mfululizo, kwenye magofu. Kwa mtu aliyekulia kwenye misiba ya uswahilini, na turubai barabarani, mikeka uani, wanawake wanapika kwenye masufuria ya kukodi, watu wanalala matanga hadi siku ya tatu na kurudi tena arobaini, kitu cha kwanza kinachomshtua kwenye Gris ni kwamba hakuna watu. Wako wapi majirani? Anaweza kuisoma kama gemu ya mtu aliyetengwa, au ya ndoto, au ya mgonjwa. Hiyo ni tafsiri halali: inanyoosha kidole kwenye skrini tupu. Ukimsahihisha kwa kumwambia "ni msiba", umempotezea alichokiona yeye na wewe hukukiona.

Kwenye Journey mwenzangu aliniacha. Ilikuwa na maana gani?

Huenda bando lake lilikwisha.

Tunasema kweli kabisa. Journey inakukutanisha na mtu mwingine kupitia intaneti bila jina, bila maandishi, bila sauti ya mdomo. Mnaitana tu kwa mlio. Akikatika, anatoweka, na gemu inaweza kukupa mwingine mwenye joho kama lake. Majina ya wote uliokutana nao huonyeshwa mwishoni, na wapo wanaogundua hapo kwamba "rafiki yule mmoja" walikuwa watatu au wanne.

Kwa Dar hili lina uzito wake. Mchezaji wa hapa anayetumia intaneti ya simu atapoteza mwenzake mara nyingi kuliko aliye kwenye waya wa uhakika, na kwake Journey inakuwa gemu ya watu wanaoondoka bila kuaga. Kabla ya kuandika tafsiri yako ya kuachwa, angalia kama ni wewe uliyekatika.

Inafaa pia kujua kwa nini mnasaidiana. Jenova Chen, aliyeongoza utengenezaji wa Journey, ameeleza kwamba katika matoleo ya majaribio wachezaji waliweza kusukumana, na walipoweza, walisukumana kwa kujifurahisha. Watengenezaji wakaondoa kugongana, wakaweka kugusana kunakoongeza nguvu ya kupaa. Watu walewale wakaanza kuonekana wapole. Anayesema "Journey imenionyesha wema wa binadamu" akumbuke kwamba ukatili ulishaondolewa kwenye vitufe.

Kikao cha kulinganisha tafsiri kinaendeshwaje?

Watu sita hadi wanane, dakika tisini, sebule yoyote ya Sinza au Mbagala inatosha. Anza na Passage, kwa kuwa ni fupi.

1. Andaa laptopu mbili na hedifoni mbili. Spika ya laptopu kwenye chumba chenye feni inameza sauti za chini, na sauti ndiyo inayovuta tafsiri za watu ziwe karibu.
2. Anayecheza akae peke yake na skrini. Wengine wasubiri uani. Mtu akitazamwa na wenzake hucheza kuwachekesha.
3. Mara baada ya dakika tano mpe karatasi iliyokunjwa kuwa safu tatu: kilichotokea, nilichofanya, nilichohisi. Dakika tatu, kwa mkono, kimya. Asiandike jina.
4. Acheze mara ya pili. Wengi hubadilisha njia hapa. Hilo badiliko lina habari nyingi.
5. Changanya karatasi, zisomwe na mtu asiyeziandika.
6. Hapo ndipo mjadala unaanza, na kila hoja ianzie safu ya pili, "nilichofanya".

Safu ya tatu ikizungumzwa kwanza, kikao kinageuka mashindano ya nani ana moyo mlaini.

Kwa nini mijadala yetu huishia "ni nzuri, imenigusa"?

Mara nyingi kwa sababu ya nani aliyezungumza kwanza. Ukianza na mkubwa, kaka mwenye digrii au mwenyeji wa nyumba, wadogo watakubaliana naye kwa adabu. Aliyetoka kuamkia shikamoo hataanza kupinga dakika mbili baadaye. Ndiyo maana karatasi hazina majina na husomwa na mwingine. Ikibidi kuzungumza moja kwa moja, anza na mdogo kuliko wote.

Sababu ya pili ni swali bovu. "Ulihuzunika mke alipokufa?" limeshamwambia mtu kwamba yule ni mke, kwamba amekufa, na kwamba inatakiwa kuhuzunika. Uliza: "Baada ya dakika ya nne ulibaki na nani kwenye skrini?"

Ya tatu ni mazoea ya vidole. Aliyezoea mpira wa PlayStation kwenye banda la gemu, mechi moja kisha pedi inahamia kwa mwingine, amekuja kushinda. Asipoona mshindi ataona uvivu wa mtengenezaji. Mwambie mapema kitu kimoja tu: gemu hii haina mshindi. Usimwambie zaidi ya hapo.

Maneno yetu ya hisia yanatosha?

Yanatosha, tatizo ni kwamba tunatumia matatu tu. Chukua "uchungu". Mchezaji wa Passage akisema "niliona uchungu" hujajua kitu. Uchungu wa kufiwa, au uchungu wa kukosa sanduku? Wa kwanza uko karibu na majonzi, wa pili uko karibu na kinyongo, na tafsiri mbili zinazopingana zinajificha ndani ya neno hilo moja.

Au "upweke". Jordan Magnuson ana gemu ndogo ya mwaka 2010, Loneliness, ambamo mraba wako ukiwasogelea wengine wanakwepa. Huo ni upweke, au ni ukiwa? Upweke anaweza kuwa nao mtu ambaye hajawahi kuwa na mwenzake. Mkiwa ni aliyekuwa nao wakaondoka. Miraba ile ilikuwepo, ilikuwa inachezacheza vizuri, ikakukimbia wewe. Wenye masikio ya Kiswahili wataligombania hilo, na ni ugomvi mzuri kuliko kukubaliana kwamba "ni ya huzuni".

Tengeneza orodha ya maneno kumi ubandike ukutani: huzuni, majonzi, simanzi, upweke, ukiwa, uchungu, majuto, aibu, huruma, unyonge. Mtu achague moja kisha ataje moja la jirani alilolikataa, na sababu.

Je, ni jambo geni kwetu kuweka hisia kwenye vitu visivyo na sura?

Kaa dakika kumi kwenye bao la kete. Mashimo 32, kete 64, hakuna mfalme wala askari. Lakini shimo moja linaitwa nyumba, na nyumba ya mtu ikiliwa, kelele unayoisikia si ya hesabu.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nitengeneze nini?

Miraba miwili kwenye Scratch, programu ya kujifunzia kutengeneza gemu, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Jukwaa lake lina ukubwa wa 480 kwa 360 na huenda takriban fremu (picha) 30 kwa sekunde. Mraba wa mchezaji uwe 20 kwa 20, uende hatua 4 kwa fremu kwa vitufe vya mishale. Mraba wa pili ukae kimya hadi umbali upungue chini ya 100, kisha ugeuke upande wa pili na kukimbia.

Toleo la kwanza: ukimbie hatua 3. Mchezaji ataufikia ndani ya sekunde tatu hivi. Toleo la pili: hatua 5, haufikiki. Toleo la tatu: hatua 3, lakini usubiri sekunde 0.3 kabla ya kuanza kukimbia. Wape watu tofauti matoleo tofauti, usiwaambie. Kile kicheleweshi cha sekunde 0.3 ndicho kinachofanya watu waseme "amesita" au "alikuwa ananiangalia".

Mambo yanayoharibika ni haya. Ukiweka ile subira ndani ya mzunguko wa mwendo, mraba utakuwa unadunda hatua moja kila sekunde 0.3 na watu watasema gemu imeganda. Subira ikae nje, itokee mara moja tu. Pili, vitufe viwili vikibonyezwa pamoja mchezaji anakwenda 4 kwa mlalo na 4 kwa wima, yaani karibu 5.7 kwa mshazari, na mraba "usiofikika" wa hatua 5 unafikika. Utakaa unachambua kwa nini fulani aliona ushindi na mwenzake akaona kukataliwa, kumbe mmoja alibonyeza vitufe viwili. Mshazari uwe 2.8 kila upande.

La tatu ni kona. Mraba unaokimbia utafika ukingoni na kubanwa, ukitetemeka. Hapo hisia zote hugeuka ghafla: mchezaji aliyekuwa anatafuta mwenzake anajikuta anamtesa mtu. Neno linalotoka ni aibu, na wengine huacha kubonyeza kabisa. Kama ulikusudia upweke, ufanye mraba utokee upande wa pili wa jukwaa unapogusa ukingo. Lakini kabla hujarekebisha, cheza mara kumi na kona ilivyo. Huenda gemu uliyoitengeneza kwa bahati mbaya ni bora kuliko uliyoikusudia.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitazielewa?

Passage, Journey, Limbo na Gris hazitakuuliza Kiingereza zaidi ya menyu. Kwenye simu jaribu Florence ya 2018, haizidi saa moja. Mazungumzo ya wapenzi ni vipande vya kupanga: mwanzoni vingi na vinasumbua, wakizoeana vinapungua, wakigombana vinakuwa na ncha kali. Vidole vinaelewa kabla hujasoma neno.

Umeme ukikatika katikati ya Passage?

Usimruhusu aendelee na laptopu nyingine, na usimwambie zimebaki dakika ngapi. Andika muda uliopita, mpe karatasi palepale gizani kwa tochi ya simu, na umuulize anadhani wale wawili walikuwa wanakwenda wapi. Umeme ukirudi acheze kuanzia mwanzo, kisha ziweke karatasi zote mbili pamoja.